Neno la Mfungwa Mpakani: Safari za Nje kwa Mtu Aliye Chini ya Masharti, kwa Kuutazama Mji wa Isiolo

Utangulizi

Msafiri anayeondoka Isiolo leo na kushika njia ya kaskazini hupita Archer's Post, Laisamis na Marsabit, na hatimaye hufika Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, baada ya takriban kilomita 500 za lami. Kabla ya lami hiyo, safari hii ilimla mtu siku mbili au zaidi, aghalabu akiwa juu ya lori la mifugo. Mpaka umekaribia. Hata hivyo, wapo wakazi wa Isiolo ambao kwao Moyale ingali mbali: si kwa ukosefu wa nauli, bali kwa sababu wameachiliwa na dola kwa masharti. Makala haya yanalenga kufafanua hali ya watu hao. Je, mtu ambaye hajamaliza kuwajibika mbele ya sheria anaweza kuvuka mpaka wa nchi? Akiweza, anamwomba nani ruhusa? Na kwa nini jambo hili lina uzito wa pekee katika mji kama Isiolo?

Istilahi na maana yake

Ni vyema tuanze na neno lenyewe. Neno parole ni la Kifaransa na maana yake ya msingi ni "neno" au "kauli". Katika vita vya Ulaya ya zamani, afisa aliyetekwa aliweza kuachiliwa baada ya kutoa neno lake la heshima kwamba hatashika silaha tena dhidi ya waliomteka. Hakufungwa pingu, alifungwa na ahadi yake. Mswahili hana haja ya kufafanuliwa zaidi, kwa kuwa anajua kwamba ahadi ni deni. Baadaye neno hilo lilihamia katika sheria ya magereza, likawa na maana ya kumwachilia mfungwa kabla ya muda wake kwisha, kwa sharti kwamba akivunja ahadi atarudishwa.

Tanzania ililipokea neno hili bila kulitafsiri. Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Bodi za Parole mwaka 1994, na tangu hapo Mtanzania husema "mfungwa wa parole" pasipo kutatizika. Kenya haina bodi ya namna hiyo. Kilichopo kwanza ni punguzo la thuluthi moja ya kifungo linalotolewa na Sheria ya Magereza kwa mfungwa mwenye bidii na mwenendo mwema, isipokuwa kwa makosa kadhaa mazito. Anayetoka kwa punguzo hilo huhesabiwa kwa kawaida kuwa amemaliza kifungo, na hivyo hatuhusu sana hapa.

Wanaotuhusu ni wengine. Kuna aliyewekwa chini ya uangalizi wa afisa wa urekebishaji tabia kwa amri ya mahakama, amri ambayo haipungui miezi sita wala haizidi miaka mitatu. Kuna anayetumikia huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 1998, iliyowalenga wale ambao kifungo chao hakingezidi miaka mitatu. Kuna aliyesamehewa na Rais kwa masharti chini ya kifungu cha 133 cha Katiba ya 2010. Na kuna kundi lililo kubwa pengine kuliko yote, nalo ni la washtakiwa walio nje kwa dhamana, ambao kwa hakika bado hawajapatikana na hatia yoyote. Katika mazungumzo ya kila siku makundi haya huchanganywa, na baadhi yake huitwa "kifungo cha nje". Kwa maoni yetu istilahi hii, ingawa inajipinga yenyewe, ina ukweli ndani yake. Inamkumbusha mhusika kwamba kutoka nje ya ukuta si kutoka nje ya amri.

Lango la Isiolo

Historia ya Isiolo inalifanya suala hili lisiwe la sheria tupu. Serikali ya kikoloni ilianza mapema, kwa sheria ya mwaka 1902 kuhusu wilaya za pembezoni na baadaye nyingine ya mwaka 1934, kuifunga kaskazini ya Kenya. Mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Isiolo ilikuwa lango, na kizuizi cha barabarani kilikuwa alama yake. Haishangazi kwamba hadi miaka ya karibuni wazee wa kaskazini waliokuwa wakielekea Nairobi walisema wanakwenda "Kenya". Kwa maneno mengine, jamii nzima, pasipo kushtakiwa, iliishi chini ya masharti yanayofanana na ya mfungwa aliyeachiliwa: kaa hapa, usitoke, ukitaka kutoka omba.

Ajabu ni kwamba nchi hiyohiyo iliyofungwa ndiyo iliyotumiwa kuwafungia wengine. Harry Thuku alipokamatwa mwaka 1922 alipelekwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani. Wakati huo Kismayu ilikuwa ndani ya Kenya. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Jubaland kwa Italia, na Thuku akawa tayari amehamishwa au hana budi kuhamishwa. Miaka yake ya mwisho ya uhamisho aliikaa Marsabit. Huu ni mfano adimu wa mpaka kumvuka mtu badala ya mtu kuuvuka mpaka. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alizuiliwa kaskazini kuanzia 1950 hadi 1961, katika vituo vya Lokitaung, Maralal na Dol Dol.

Jomo Kenyatta naye alimaliza kifungo chake cha Lokitaung mwaka 1959, lakini hakuachiliwa kwenda kwake. Alihamishiwa Lodwar kwa amri ya kumzuia, na mwaka 1961 akapelekwa Maralal, mji wa Samburu iliyo jirani ya Isiolo. Hakuwa tena mfungwa, wala hakuwa huru. Aliishi katika nyumba, akapokea wageni na wajumbe, lakini hakuweza kwenda alikotaka. Aliruhusiwa kurudi Gatundu Agosti 1961, na miezi michache baadaye, mapema mwaka 1962, alikuwa London katika mkutano wa katiba wa Lancaster House. Amri ilipoondolewa, mpaka nao ulifunguka.

Uhuru haukuondoa lango la Isiolo mara moja. Hali ya hatari iliyotangazwa kaskazini Desemba 1963, wakati wa vita vya Shifta, ilidumu kisheria hadi mwaka 1991. Watu wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vya ulinzi kama Garba Tulla na Merti, na mfugaji aliyezoea kufuata mvua akalazimika kuuliza ruhusa ya kutoka kambini. Tunataja haya kwa sababu mzee wa Isiolo anaposikia leo kwamba mwanawe "haruhusiwi kutoka bila idhini", hasikii lugha ya urekebishaji. Anasikia lugha anayoijua tangu zamani.

Utaratibu wa kuomba ruhusa

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 39, inampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako pamoja na haki ya kutoka Kenya. Haki hii inaweza kuwekewa mipaka kwa sheria, mradi mipaka hiyo iwe ya busara. Kifungu cha 49 nacho kinampa mshtakiwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana kwa masharti yanayofaa, isipokuwa pawepo sababu nzito za kumnyima. Kutokana na hayo tunaweza kusema kwamba hakuna marufuku moja ya safari inayowahusu wote. Jibu la swali letu limo katika karatasi ambayo mhusika alipewa siku aliyoachiliwa. Wengi huitia sahihi bila kuisoma, au husomewa kwa haraka katika lugha wasiyoimudu.

Kanuni ya msingi ni kwamba aliyeweka sharti ndiye anayeweza kulilegeza. Sharti likiwa la mahakama, ombi linarudi katika mahakama hiyo. Afisa wa urekebishaji tabia anaweza kuliunga mkono au kulipinga, lakini hawezi kwa hiari yake kufuta amri ya hakimu. Chifu hawezi. Mkuu wa kituo cha polisi ambako mhusika hupiga ripoti kila wiki hawezi pia, ingawa huyu ndiye anayeombwa mara nyingi zaidi kwa kuwa ndiye aliye karibu.

Ombi linalofaulu huwa na mambo yanayoweza kuthibitishwa: sababu ya safari, mahali, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, barua ya hospitali au mwaliko, na kauli ya mdhamini kwamba anaijua safari hiyo na yu radhi. Pasipoti ikiwa imewekwa mahakamani, hakimu anaweza kuamuru itolewe kwa muda na irudishwe katika siku alizozitaja. Siku hizo si za mapambo. Anayechelewa anaweza kukuta hati ya kumkamata imekwisha kutolewa, na dhamana yake imo hatarini.

Hapa pana shimo ambalo wengi hutumbukia. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Basi mtu ambaye pasipoti yake imo kabatini mwa mahakama anaweza kupita Busia bila kuulizwa. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa lango lilifunguka, sharti halikuvunjwa. Dhana hiyo si sahihi. Pasipoti ni chombo tu. Sharti ni amri ya kutotoka nchini, nayo huvunjwa kwa mguu uliovuka, iwe kwa pasipoti, kwa kitambulisho au kwa njia ya mbuzi.

Ikumbukwe vilevile kwamba ruhusa ya kutoka si ruhusa ya kuingia. Hakimu wa Isiolo akiridhia safari, hawezi kumlazimisha afisa wa uhamiaji wa nchi nyingine ampokee mgeni. Fomu za viza za mataifa mengi huuliza kuhusu hukumu za awali, na kudanganya humo ni kosa jipya. Kwa Waafrika Mashariki walio ng'ambo mambo huzidi kuchanganya. Nchini Uingereza aliyeachiliwa kwa leseni hatakiwi kutoka nchini bila idhini ya afisa anayemsimamia. Marekani nako neno parole hutumika pia katika uhamiaji: baadhi ya wageni wanaosubiri hati huomba ruhusa ya mapema ili wakisafiri waweze kurudi, wala hawakuwahi kufungwa popote. Barua ya jamaa kutoka Minnesota ikitaja "parole", asihukumiwe upesi.

Mfugaji na sharti la makazi

Turudi Isiolo, maana hapa ndipo sheria na maisha hugongana. Amri nyingi za uangalizi huchukulia kwamba mhusika ana nyumba moja na njia moja ya kumpata. Mfugaji wa Merti au Sericho hana maisha ya namna hiyo. Kiangazi kikikaza, kundi la fora hupelekwa mbali, na penye majani hapafuati mipaka ya kaunti wala ya nchi. Waborana wa Isiolo wana ndugu upande wa Ethiopia, na kila baada ya miaka minane huko ndiko uongozi wa Gada hukabidhiwa. Makabidhiano ya Machi 2025, ambapo Kura Jarso alimpisha Guyo Boru, yalifanyika Arero. Kwa Mborana, sherehe hiyo si utalii. Tangu Desemba 2020 Moyale ina kituo cha pamoja cha mpakani, hivyo anayepita langoni huonekana zaidi kuliko zamani. Anayepita kando bado hupita.

Mdhamini naye ana lake. Mahakama hupenda hatimiliki ya ardhi au kitabu cha gari. Sehemu kubwa ya ardhi ya Isiolo ni ya jamii, haina hati ya mtu mmoja, na kwa hiyo anayemdhamini kijana mara nyingi ni jamaa mmoja mwenye gari au ploti mjini, ambaye tayari amewadhamini wengine kwa imani. Kijana akivuka Moyale bila idhini kufuata ng'ombe, mali inayoshikwa ni ya mjomba huyo.

Kwa sababu hiyo, wakati wa kulizungumzia suala la safari ni kabla ya amri kuandikwa. Katika kesi zinazoelekea uangalizi au huduma kwa jamii, mahakama huagiza ripoti ya afisa wa urekebishaji tabia, naye huzuru nyumbani na kuwahoji jamaa na wazee. Familia nyingi hutumia nafasi hiyo kumsifu mtoto wao. Ingefaa zaidi wamweleze afisa kundi huenda wapi Januari na wapi Agosti, nani ana simu huko malishoni, na ni sherehe ipi iko mbele na tarehe yake. Hakimu aliyeyasoma hayo anaweza kutaja kituo kingine cha kupigia ripoti, au kuruhusu safari fulani tangu mwanzo. Hakimu asiyeyajua ataandika "asitoke Isiolo", na mvua itanyesha Yabelo.