Kwa Nini Anayepiga Dawa Shambani Hutetemeka?

Ndugu wanakamati za sharika na wahisani wetu,

Mkulima akirudi kupiga dawa kwenye nyanya au pamba huku misuli ikimcheza na mate yakimjaa, mara nyingi husemwa ni jua au njaa. Huenda ni sumu. Tueleze inavyofanya kazi, kwa sababu anayeielewa hatachelewa.

Ili mkono unyanyuke, ujumbe hutoka kwenye ubongo hadi mwisho wa mshipa wa fahamu. Mshipa huo haugusani na msuli; kati yao kuna nafasi ndogo sana. Hapo mshipa humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huvuka na kuufanya msuli ukaze. Mara moja kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huivunja kemikali hiyo, na msuli unakuwa tayari kupokea ujumbe mwingine.

Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, kama klopirifosi na profenofosi, hukifunga kimeng'enya hicho. Asetilikolini hurundikana. Misuli huchezacheza, kisha hulegea, hata ile ya kupumulia. Sehemu nyingine za mwili nazo huathirika: jasho na machozi hutoka, mboni za macho husinyaa, mtu hutapika na kuharisha, na mapafu hujaa majimaji. Wengi wanaokufa hufa kwa kukosa pumzi.

Hospitalini, dawa iitwayo neostigmini hukifunga kimeng'enya hichohicho, lakini kwa kipimo na kwa muda mfupi, ili kurudisha nguvu za misuli iliyolegezwa wakati wa upasuaji. Shambani hakuna anayepima. Tena sumu ya oganofosfeti hushikilia kwa muda mrefu, hivyo anayepiga dawa kila siku huweza kuanza siku mpya kabla mwili haujatengeneza kimeng'enya kingine cha kutosha. Sumu hiyo hupenya hata kwenye ngozi. Bomba linalovuja mgongoni linatosha.

Daktari hutumia atropini kukausha mapafu. Lakini atropini haisaidii pale mshipa unapokutana na msuli. Misuli ya kupumulia ikilegea, mgonjwa huhitaji kusaidiwa kupumua. Ndiyo maana hatibiwi nyumbani.

Tunaziomba kamati zifundishe mambo haya katika kila mtaa:

1. Mwondoeni mgonjwa shambani, mvueni nguo zote zilizolowa, mwosheni kwa maji mengi na sabuni. Anayemhudumia avae glavu.

2. Msimtapishe. Maziwa hayaondoi sumu hii. Msipoteze muda kuyatafuta.

3. Mpelekeni hospitali haraka, pamoja na chupa ya dawa yenye lebo yake.

Wahisani wetu, glavu, buti za mpira na bomba lisilovuja ni vitu vya kawaida, lakini ndivyo vinavyoizuia sumu isimfikie mkulima. Kamati na zianze kwa kukagua mabomba ya washarika kabla ya msimu wa kupiga dawa.

Mungu awabariki.