Safari za Wakati Katika Sinema

Watazamaji wa sinema wamezoea kumwona mtu akiingia katika chombo, akibonyeza kitufe, na punde si punde akajikuta yumo katika zama za babu zake au za vilembwe vyake. Na kwa kuwa safari zote mbili huonyeshwa kwa wepesi ule ule, aghalabu hudhaniwa kuwa hukumu ya sayansi juu yake ni moja, ilhali ile ya mbele imekwisha thibiti na ile ya nyuma ingali dhana.

Albert Einstein alibainisha mwaka 1905 kwamba saa iliyo katika mwendo hukawia kuliko iliyotulia, na baadaye akaonyesha kwamba mvuto mkubwa nao huukawiza wakati. Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walipakia saa nne za atomi katika ndege za abiria, wakaizunguka dunia kwa upande wa mashariki, kisha wa magharibi, na walipozilinganisha na zilizobaki Washington, safari ya mashariki ilikuwa imezichelewesha kwa takriban sehemu 59 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja, na ya magharibi imezitanguliza kwa sehemu 273. Hata leo saa za setilaiti zinazoongoza ramani za simu zetu, kwa kuwa mvuto wa huko juu ni hafifu, zingetangulia kila siku kwa sehemu 38 za sekunde iliyogawanywa mara milioni, na lau zisingerekebishwa, ramani ingekosea kwa kilomita kama 10 kwa siku moja tu.

Kwa hiyo Interstellar ya mwaka 2014 haikuongopa ilipoonyesha sayari iliyo kando ya shimo jeusi, ambako saa moja ni miaka saba ya duniani. Mshauri wake, mwanafizikia Kip Thorne, alipiga hesabu akaona yawezekana, mradi shimo hilo lizunguke kwa kasi iliyokaribia kabisa ukomo wake. Ilipomtia baba ndani ya shimo hilo, akampelekea bintiye habari katika siku zilizokwisha pita, ndipo ilipoiaga sayansi.

Back to the Future ya mwaka 1985, ambamo gari likifika maili 88 kwa saa humrudisha kijana hadi 1955, akakaribia kuizuia ndoa ya wazazi wake, ina shaka kubwa zaidi, kwani mwendo huo si kitu mbele ya nuru ikimbiayo kilomita 300,000 kwa sekunde, na lau ndoa ingezuilika, nani angezaliwa aje kuizuia? Ni kweli kwamba Kurt Gödel alidhihirisha mwaka 1949 kuwa milinganyo ya Einstein yaruhusu njia ya kuurudia wakati uliopita katika ulimwengu unaozunguka wote, walakini huu wetu hauna dalili ya kuzunguka hivyo. Na mwaka 1992 Stephen Hawking akatoa rai kwamba kanuni za maumbile zenyewe huifunga njia hiyo, rai ambayo haijathibitishwa wala kubatilishwa.

Basi kipimo cha filamu ya namna hii ni marejeo: msafiri aendaye mbele, akaikuta dunia imemwacha na asiweze kurudi, yumo katika mipaka ya sayansi, na yule arejeaye nyumbani jioni ile ile aliyoondoka, mtunzi amempa ruhusa ambayo maumbile hayajaitoa.