AFCON 2027: Pale nje ya uwanja mpya Arusha asimame nani?

Na Mwandishi Wetu, Arusha

UKITOKA Uwanja wa Sheikh Amri Abeid baada ya mechi, huhitaji kutembea sana kuufikia Mnara wa Azimio. Uko katikati ya kiplefti, bodaboda wanauzunguka kutwa nzima, na wengi wetu tunaupita bila hata kuinua macho.

Mnara huo ulijengwa mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha. Juu kabisa hawakuweka sura ya mtu. Waliweka mwenge, ule uliowashwa kileleni Kilimanjaro na Luteni Alexander Nyirenda siku ya Uhuru, Desemba 1961. Ndiyo maana hadi leo hakuna anayebishana kama umefanana au haujafanana.

Nakumbusha hili kwa sababu jiji lina uwanja mpya wa mashabiki 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, fainali tunazoandaa na Kenya na Uganda. Wageni watataka kupiga picha. Mlima Meru upo, lakini huo hatukuuchonga sisi. Je, pale nje ya uwanja tuweke nini?

Uliza kijiwe chochote cha soka, jibu litakuwa moja: staa. Wekeni Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, biashara imeisha. Mimi nasema tusikimbilie huko.

Sura ni mtego

Mwaka 2017 uwanja wa ndege wa Madeira ulizindua sanamu ya Cristiano Ronaldo. Dunia ilicheka, na mwaka uliofuata ikaondolewa, ikawekwa nyingine. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Mohamed Salah kule Sharm el-Sheikh: kichwa kikubwa, mwili mdogo, mitandao ikachafuka.

Hata ikifanana, bado kuna ushabiki. Malmö walimsimamisha Zlatan Ibrahimovic Oktoba 2019. Mwezi uliofuata akanunua hisa za Hammarby, klabu pinzani. Sanamu ikakatwa pua, na Januari 2020 ikaangushwa. Sasa fikiria staa wetu asimamishwe leo, kesho ahamie upande wa pili wa Kariakoo. Hiyo sanamu italindwa na nani?

Jibu lipo madukani kwetu

Pita maduka ya vinyago hapa mjini. Utaona gogo moja la mpingo lenye watu wamebebana, huyu juu ya bega la yule, hadi kileleni. Watalii huuziwa kwa jina la ujamaa, lakini Wamakonde huuita dimoongo. Anayetajwa kuuanzisha mtindo huo ni Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji aliyetoka Msumbiji miaka ya 1950. Na inaelezwa kuwa kinyago cha mwanzo kilionyesha mshindi wa mieleka akibebwa juu na wenzake.

Yaani ni michezo kabisa! Ni kile kile tunachofanya mfungaji akitupa bao la dakika za majeruhi.

Kwa ukubwa wa kiwanja, mpingo hautoshi. Mti wake hukua taratibu mno na gogo lake ni jembamba. Ila mchongaji anaweza kuchonga mfano mdogo, kisha ukafinyangwa upya kwa udongo katika ukubwa kamili, ukatengenezewa kalibu, ikamiminwa shaba. Njia ya bei nafuu ni nondo, wavu na saruji. Lakini hiyo ikipata ufa, maji yanaingia, nondo inashika kutu na vipande vinaanza kudondoka.

Kazi ya namna hiyo haifanywi wiki ya mwisho. Wenye mamlaka watangaze shindano la wazi, wachongaji wetu walete mifano midogo, na mashabiki tuione kabla shaba haijamiminwa. Madeira wangefanya hivyo, wasingechekwa.

Kazi hii ikipewa mtu wa mbali asiyejua dimoongo, tutaletewa mpira wa saruji uliopakwa rangi, na wachongaji wetu watabaki kuuza vya kuweka mezani.

Kwenye dimoongo, anayebeba uzito wote ni yule wa chini kabisa, ambaye watu hawamwangalii sana. Shabiki anayetoka Usa River au Ngaramtoni kwa daladala, akalipa kiingilio na kurudi usiku bila sauti, akifika pale getini atajiona.