Fahamu: Kwa nini mikono hupoa kwanza kwenye baridi kali

Majira ya baridi huko Minnesota, Marekani, au Manitoba, Kanada, joto huweza kushuka chini ya nyuzi 20 hasi za Selsiasi. Kwa wanaofanya kazi nje, wakiwemo ndugu zetu wahamiaji, vidole ndivyo huumia mapema. Mwili ukihisi baridi hubana mishipa ya damu ya mikononi ili joto libaki kwa moyo na viungo vingine vya ndani. Ndiyo maana kofia na fulana nzito pia husaidia vidole.

Unyevu ni hatari zaidi. Maji hupokonya joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, na jasho nalo ni maji. Glavu za pamba zikilowa hazifai tena. Sufu hubakiza joto kiasi hata ikiwa na unyevu. Vaa glavu za sufu ndani na zisizopitisha maji juu, zisizobana. Weka jozi nyingine kavu mfukoni. Mwajiri anayetoa jozi moja kwa zamu nzima kwenye theluji hajamkinga mfanyakazi wake.

Kidole kilichokuwa kinauma kikifa ganzi, ngozi inaweza kuwa inaganda. Vitabu husema itapauka, lakini kwenye ngozi nyeusi weupe huo hauonekani kirahisi: tegemea ganzi na ugumu wa ngozi. Usisugue kidole wala usikipashe joto kwenye moto. Ingia ndani, kitie kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37 hadi 39. Ganzi isipoisha, au malengelenge yakitokea, nenda hospitali.