Senti 30 Zilizowaudhi Wanunuzi wa Muziki

Bei ya wimbo mmoja wa kupakua mtandaoni ilikaa palepale, senti 99 za Marekani, kwa karibu miaka sita. Ilianza tarehe 28 Aprili 2003, Apple ilipofungua duka lake la iTunes likiwa na nyimbo 200,000. Ikavunjwa tarehe 7 Aprili 2009, nyimbo nyingi zilizokuwa zikivuma zilipopandishwa hadi dola 1.29. Ongezeko la senti 30 halimfilisi mtu. Hata hivyo liliwaudhi wanunuzi kuliko kampuni za muziki zilivyotarajia, na namna walivyojibu inaeleza mengi kuhusu biashara hiyo na jinsi ilivyokuja kufifia.

Senti 99 haikutokana na gharama ya kutengeneza wimbo. Ilikuwa bei ya kumshawishi mtu aliyezoea kupata muziki bure. Kati ya mwaka 1999 na 2001 Napster ilikuwa imewafundisha mamilioni ya vijana kwamba wimbo wowote unaweza kupatikana bila kulipa, na mahakama ilipoizima, mitandao mingine ya kubadilishana mafaili ilichukua nafasi yake. Apple ilihitaji bei isiyofika dola moja, inayokumbukwa bila kufikiri, na iliyo moja kwa kila wimbo, uwe wa nyota wa leo au wa mwanamuziki aliyesahauliwa. Kampuni kubwa tano za kurekodi zilikubali, na katika wiki ya kwanza ziliuzwa nyimbo milioni moja. Katika kila senti 99, takriban senti 70 zilikwenda kwa kampuni ya kurekodi, nayo ndiyo iliyopaswa kumlipa msanii. Mnunuzi, kwa upande wake, alipewa wimbo uliofungwa kwa kufuli ya kidijitali: ungeweza kuchezwa kwenye kompyuta chache tu zilizoidhinishwa, na kwa vifaa vya mfukoni ulikubali iPod peke yake.

Kufikia mwaka 2005 kampuni za kurekodi zilianza kunung'unika. Edgar Bronfman Mdogo, mkuu wa Warner Music, alisema hadharani kwamba nyimbo hazilingani thamani, kwa hiyo si haki ziuzwe kwa bei moja. Steve Jobs wa Apple alijibu akiwa Paris mwezi Septemba mwaka huo kwamba kampuni hizo zimeingiwa na tamaa, na kwamba bei ikipanda wateja watarudi kwenye uharamia. Jobs naye hakuwa akiwatetea wanunuzi kwa huruma: faida yake kubwa ilikuwa kwenye iPod, na muziki wa bei nafuu ulimsaidia kuuza kifaa. Bronfman alikuwa na hoja moja ambayo hadi leo ni vigumu kuipuuza. Wakati huohuo Wamarekani walikuwa wakilipa dola mbili na zaidi kwa mlio wa simu, yaani kipande cha sekunde 30 cha wimbo uleule ambao mzima wake uliuzwa senti 99. Aliyelipa dola mbili ili simu yake ilie kwa mbwembwe mbele za watu ndiye aliyelalamika akisikia wimbo wote utafika dola moja na kitu. Mwezi Mei 2006 mikataba ilihuishwa, na senti 99 ikabaki.

Ulaya ugomvi ulikuwa wa aina nyingine. Duka la iTunes lilipofunguliwa Uingereza, Ufaransa na Ujerumani mwezi Juni 2004, Mfaransa na Mjerumani walilipa euro 0.99 na Mwingereza peni 79, ambazo kwa viwango vya wakati ule zilizidi euro moja na senti kumi. Mwingereza hakuruhusiwa kununua kwenye duka la Ufaransa, kwa kuwa mfumo ulitazama kadi ya benki imetolewa nchi gani. Chama cha kutetea walaji cha Which? kilipeleka malalamiko kwa mamlaka ya ushindani ya Uingereza, nayo ikayafikisha Tume ya Ulaya. Mwezi Januari 2008 Apple iliahidi kuzilinganisha bei ndani ya miezi sita. Hapa hakuna bei iliyopandishwa. Kilichowakera wanunuzi ni kugundua kwamba jirani analipa kidogo kwa kitu kilekile kisicho na gharama ya usafiri, ushuru wa bandari wala rafu ya dukani.

Wapo ambao hawakulalamika kwa yeyote. Walikwenda AllOfMP3, tovuti ya Urusi iliyouza muziki kwa ukubwa wa faili, hivi kwamba albamu nzima iliweza kupatikana kwa dola mbili hivi au pungufu. Tovuti hiyo ilidai kuwa na kibali halali cha Kirusi. Kampuni za kurekodi zilisema ni wizi mtupu, na suala lenyewe likaingia hadi kwenye mazungumzo ya Marekani na Urusi kuhusu uanachama wa Shirika la Biashara Duniani. Ilifungwa mwaka 2007. Wateja wake hawakuwa watu wasiotaka kulipa, maana walitoa fedha zao. Walichokataa ni bei ya iTunes pamoja na kufuli yake.

Jaribio la kwanza la dola 1.29 lilifanyika mwaka huohuo wa 2007, na lilipita bila kelele nyingi. Kampuni ya kurekodi ya EMI ilikubali nyimbo zake ziuzwe bila kufuli na kwa ubora mkubwa zaidi wa sauti, na anayetaka nakala hiyo aliongeza senti 30. Asiyetaka aliendelea kununua ya senti 99. Bei ilikuwa juu, ila mnunuzi aliona alichoongezewa na uamuzi ulikuwa wake. Mwezi Septemba Amazon ikafungua duka lake la mafaili ya MP3 yasiyo na kufuli, mengi kwa senti 89 hadi 99. Mwezi uliofuata Apple ikashusha zile za dola 1.29 hadi senti 99. Ushindani ulifanya kwa majuma machache kile ambacho malalamiko yasingekifanya kwa miaka.

Kisha ukaja mwaka 2009. Tarehe 6 Januari Apple ilitangaza kwamba nyimbo zote milioni 10 za dukani zitauzwa bila kufuli, na kwamba kuanzia Aprili kutakuwa na bei tatu: senti 69, senti 99 na dola 1.29. Yalikuwa mabadilishano: kampuni za kurekodi zilitoa kufuli zikapata uhuru wa bei. Apple ilisema nyimbo za senti 69 zingekuwa nyingi kuliko za dola 1.29. Huenda kwa hesabu ya ghala zima ilikuwa kweli, lakini mnunuzi hanunui ghala. Anatafuta wimbo aliousikia redioni, na huo ndio uliopandishwa. Katika orodha ya nyimbo 100 zilizouzwa zaidi, bei ya senti 69 ilikuwa adimu kuonekana. Tena aliyetaka kuondoa kufuli kwenye nyimbo alizokwishanunua alitakiwa kulipa senti 30 nyingine kwa kila wimbo. Mwenye nyimbo 500 za zamani alikabiliwa na dola 150 ili avimiliki kikamilifu vitu alivyodhani ni vyake tangu mwanzo.

Wakati nao haukuwa mzuri. Marekani ilikuwa kwenye mdororo wa uchumi na ukosefu wa ajira ulikaribia asilimia 9. Waliotetea bei mpya walisema kila kitu kilikuwa kimepanda tangu 2003, na hilo ni kweli, ila mfumuko wa bei wa miaka yote hiyo ulikuwa asilimia 16 hivi, ilhali wimbo ulipanda kwa asilimia 30 kwa mkupuo. Wanunuzi wengi walijibu kwa maneno makali, wakaapa kurudi kwenye uharamia au kuhamia Amazon, ambako baadhi ya nyimbo zilezile zilibaki senti 99 kwa muda. Viapo vya namna hiyo ni rahisi kutamka. Kipimo cha kweli ni mauzo, na mauzo yalisema jambo lisilo wazi sana.

Jarida la Billboard lililinganisha nafasi za nyimbo katika siku za mwanzo na kuona kwamba zile za dola 1.29 zilielekea kushuka kwenye orodha, huku za senti 99 zikipanda. Idadi ya nyimbo zilizopakuliwa Marekani, iliyokuwa imekua kwa asilimia 27 mwaka 2008 na kupita bilioni moja, ilikua kwa asilimia 8 hivi mwaka 2009 na kwa asilimia moja tu mwaka 2010. Warner Music, iliyodai mabadiliko hayo kwa sauti kubwa kuliko wote, iliwaambia wawekezaji mwezi Februari 2010 kwamba kasi ya mauzo imepungua tangu bei zilipopanda. Bronfman alikubali kwamba kupandisha bei kiasi hicho wakati wa mdororo huenda hakukuwa na wakati mwafaka, lakini akasisitiza kwamba kwa jumla kampuni imenufaika. Hesabu inamuunga mkono: kampuni iliyopata senti 70 kwa wimbo sasa ilipata kama senti 90, kwa hiyo mauzo ya wimbo huo yangeweza kupungua kwa moja ya tano bila pato kushuka. Wala si haki kulibebesha ongezeko hilo mzigo wote wa kupungua kwa kasi. Soko lilikuwa limekomaa, na wengi walikuwa wamekwisha kujaza vifaa vyao. Kinachoweza kusemwa ni kwamba wanunuzi hawakugoma. Walipunguza tu, mmoja akiacha wimbo wa tatu, mwingine akiacha wa pili.

Hasira ya wazi kabisa ilizuka karibu miaka mitatu baada ya ongezeko hilo, na chanzo chake kilikuwa msiba. Whitney Houston alifariki tarehe 11 Februari 2012. Kesho yake wanunuzi wa Uingereza waliona albamu yake ya mkusanyiko, The Ultimate Collection, imepanda kwenye iTunes kutoka pauni 4.99 hadi pauni 7.99. Lawama zilimiminika, nyingi zikiielekea Apple, kabla haijabainika kwamba badiliko lilianzia kwa Sony Music iliyomiliki rekodi hizo. Sony ilirudisha bei ya awali, ikaomba radhi na kusema lilikuwa kosa la upangaji bei. Ongezeko lilikuwa pauni tatu, na hakuna aliyelazimishwa kununua. Lakini kupandisha bei wakati waombolezaji wako mlangoni ni jambo ambalo hakuna kitabu cha uchumi kinachoweza kulifanya lionekane la adabu, na mfumo wa kidijitali unaoruhusu bei ibadilishwe kwa kubofya mara moja ndio unaoacha ushahidi wa saa na dakika.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana Mei 2011, Amazon ilipouza albamu mpya ya Lady Gaga, Born This Way, kwa senti 99, bei ya wimbo mmoja. Wateja walifurika hadi mitambo ikazidiwa, na nakala zaidi ya 400,000 zilinunuliwa kwa bei hiyo ndani ya siku mbili za ofa. Baadaye mwaka huo Billboard iliweka sharti kwamba albamu mpya inayouzwa chini ya dola 3.49 katika wiki zake nne za kwanza haitahesabiwa kwenye chati zake.

Wanunuzi wengine walikwenda mahakamani. Walidai kwamba tangu mwanzo wa biashara hii kampuni kubwa zilikula njama ya kushikilia bei juu na masharti yanayofanana, kupitia huduma ambazo kampuni hizo zilizianzisha kwa pamoja, MusicNet na Pressplay. Kesi ilitupwa mwanzoni, lakini Januari 2010 mahakama ya rufaa ya New York iliifufua, ikiona kwamba madai yanatosha kusikilizwa. Muda wote kesi ikiendelea, soko lenyewe lilikuwa likibadilika.

Spotify ilianza Sweden mwaka 2008 na kuingia Marekani Julai 2011. Kwa dola 9.99 kwa mwezi, bei ya nyimbo nane hivi za dola 1.29, msikilizaji alipata mamilioni ya nyimbo, na anayevumilia matangazo hakulipa kitu. Upakuaji nchini Marekani ulifikia kilele mwaka 2012 kwa nyimbo bilioni 1.34, kisha mwaka 2013 ukapungua kwa mara ya kwanza. Apple yenyewe ilianzisha Apple Music mwaka 2015. Afrika Mashariki haikuonja sana ugomvi wa senti 30. Wakati ule kadi za kulipia mtandaoni zilikuwa za wachache, na nyimbo zilisafiri kwa Bluetooth, flash na vibanda vya kujaziwa muziki kwenye simu. Wakenya wengi waliolipia muziki wa kidijitali walifanya hivyo kupitia Skiza ya Safaricom, wimbo anaousikia anayekupigia, unaokatwa kwenye salio. Spotify ilipofika Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda mwezi Februari 2021, bei ilikuwa ya mwezi, si ya wimbo.

Bei hizo za mwezi nazo zimeanza kupanda. Apple Music ilifika dola 10.99 Marekani Oktoba 2022, Spotify ikaifuata Julai 2023, kisha ikafika dola 11.99 mwaka 2024. Manung'uniko yalikuwepo, lakini waliolipia Spotify duniani waliongezeka kutoka milioni 220 katikati ya 2023 hadi milioni 236 mwisho wa mwaka huo. Tofauti iko kwenye kilichoshikiliwa. Aliyepakua wimbo wa senti 99 alibaki nao hata akikataa ujao. Anayelipa kwa mwezi akikataa hupoteza njia ya kuzifikia orodha zote alizozipanga kwa miaka, au anarudi kwenye matangazo. Kwa kampuni za muziki huyo wa pili ni mteja bora zaidi, na hazijaficha furaha yao. Duka la kupakua halijafungwa, na dola 1.29 bado ni bei ya nyimbo nyingi humo, lakini kufikia mwaka 2022 upakuaji ulichangia takriban asilimia 3 tu ya mapato ya muziki uliorekodiwa Marekani.