Baraza na kasri la barafu: maisha ya pamoja wakati wa baridi huko Saranac Lake

Mtu wa Lubumbashi anayeamka alfajiri katika mwezi wa Juni, akaona pumzi yake ikitoka kinywani kama moshi, hudhani kwamba amekwisha kuijua baridi. Akielezwa kuwa kuna maziwa ambayo maji yake huganda hata watu wakaweza kutembea na kupitisha mizigo juu yake, huitikia kwa adabu tu, kama msikilizaji wa ngano. Makala haya yanahusu mahali pa namna hiyo, na hasa swali moja: watu waliofungiwa na theluji kwa miezi minne au mitano hukutana wapi, na kwa sababu gani?

Saranac Lake ni mji mdogo wenye wakazi wapatao 5,000, katika milima ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York, nchini Marekani. Pamoja na majirani zake wawili, Lake Placid na Tupper Lake, hufanya eneo moja dogo la misitu na maziwa. Lake Placid ina sifa kubwa zaidi ulimwenguni kwa kuwa michezo ya Olimpiki ya baridi ilifanyika huko mwaka 1932 na tena mwaka 1980. Lakini kwa mchunguzi wa maisha ya jamii, Saranac Lake ina mengi zaidi ya kufundisha, kwa maana sherehe zake hazikuzaliwa na michezo wala na utalii. Zilizaliwa na ugonjwa.

Mwaka 1873 daktari kijana wa jiji la New York, Edward Livingston Trudeau, aliletwa katika milima hiyo akiwa na kifua kikuu. Wakati ule ugonjwa huo haukuwa na dawa, na waliomleta hawakutumaini mengi. Hata hivyo hali yake ilipata nafuu katika hewa ya msituni, naye mwaka 1876 akahamia Saranac Lake moja kwa moja. Mwaka 1882 Robert Koch alipotangaza kwamba ameona kijidudu kinacholeta kifua kikuu, Trudeau alikuwa miongoni mwa madaktari wa Marekani waliolichukua jambo hilo kwa uzito mapema. Mwaka 1884 alianzisha nyumba za matibabu kwa watu wasio na mali. Wagonjwa wa kwanza walikuwa ndugu wawili wa kike, wafanyakazi wa kiwanda. Mwaka 1894 akafungua maabara, ya kwanza nchini humo iliyojengwa kwa ajili ya uchunguzi wa ugonjwa huo.

Matibabu yenyewe yalikuwa kupumzika, kula vizuri na kuvuta hewa safi. Hewa hiyo ilitafutwa hata wakati wa baridi kali, na huko si ajabu kipimajoto kushuka usiku hadi digrii 20 chini ya sifuri. Mgonjwa alivikwa manyoya na mablanketi, akalazwa kwenye kiti kirefu barazani, akakaa hapo saa nyingi kila siku akitazama theluji. Mji mzima ulijaa nyumba zenye baraza za namna hiyo, kwa sababu wenyeji walikodisha vyumba kwa wagonjwa ambao hawakupata nafasi katika nyumba za Trudeau. Mahali pengine mwenye kifua kikuu alikimbiwa. Hapa alikuwa mpangaji, mteja wa duka, jirani. Hata mwandishi Robert Louis Stevenson alipitisha majira ya baridi ya 1887–1888 katika mji huo, akitafuta nafuu ya mapafu.

Lugha ya Kiswahili ina neno linalofaa ajabu kwa hali hiyo. Neno *baraza* hutaja kibaraza cha nyumba, na papo hapo hutaja watu waliokusanyika kuzungumza au kuamua jambo. Maana hizo mbili hazikukutana kwa bahati, kwani pwani watu huketi barazani ndipo shauri likapatikana. Kule Adirondack, hata hivyo, baraza la wagonjwa lilikuwa na upande wa uchungu: waliketi bega kwa bega, lakini waliagizwa kutulia, na mara nyingine kiti cha jirani kilikutwa kitupu asubuhi.

Ndipo inapoeleweka kwa nini sherehe zilihitajika. Mwaka 1896 wenyeji walianzisha chama cha michezo ya nje kilichoitwa Pontiac Club, na mwaka 1897 chama hicho kikafanya sherehe ya kwanza ya majira ya baridi, ili kuvunja uchovu wa miezi mirefu kwa wagonjwa na kwa wenyeji pia. Mwaka uliofuata likajengwa kasri la barafu la kwanza. Desturi hiyo ilikatika mara kadhaa katika karne ya ishirini, lakini haikufa. Nyumba za Trudeau zilifungwa mwaka 1954, baada ya dawa za antibiotiki kupatikana. Sherehe ikabaki, nayo hufanyika hadi leo kwa siku kumi mnamo mwezi wa Februari.

Ujenzi wa kasri unastahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Kabla ya frigo kuenea, kukata barafu ziwani ilikuwa kazi ya kawaida ya eneo hilo: vipande vilitolewa kwa msumeno, vikahifadhiwa ndani ya ghala chini ya unga wa mbao, vikatumika wakati wa joto. Ufundi huohuo ndio hujenga kasri. Vipande hukatwa katika Lake Flower (jina hilo, licha ya linavyosikika, halihusiani na ua lolote, ni la gavana mmoja wa zamani, Roswell Flower). Kipande kimoja huwa na upana wa sentimita 60 hivi na urefu wa mara mbili yake, na uzito wake hupita ule wa watu wawili wazima. Wajenzi huvipanga kama matofali, na badala ya saruji hutumia uji wa theluji na maji, ambao huganda na kushika. Usiku taa za rangi huwashwa ndani ya kuta.

Wajenzi wote ni watu wa kujitolea. Kwa miaka mingi waliletwa pia wafungwa wa kambi ya jirani, mpaka ilipofungwa mwaka 2009. Msomaji wa Kongo asiifananishe kazi hiyo haraka na *salongo* ya enzi za Mobutu, ambayo iliitwa kazi ya pamoja lakini amri ilitoka juu. Hapa hakuna anayeandikwa jina kwa kukosa kufika.

Tendo lingine lenye maana ni kutawazwa kwa mfalme na malkia wa sherehe. Hawachaguliwi kwa uzuri wala kwa ujana. Ni wakazi waliotumikia mji kwa muda mrefu bila malipo, na majina yao hufichwa hadi usiku wa kutawazwa. Kuna pia gwaride, michezo ya theluji, na mashindano ya wanawake ya kurusha kikaango, ambayo hayahitaji maelezo ya kitaalamu.

Kwa mfasiri, habari hizi zote huleta ugumu mmoja. Neno *barafu* limetoka katika Kiajemi, ambako maana yake ni theluji, na *theluji* limetoka katika Kiarabu. Lugha ilizipokea zote mbili, ikazigawia kazi. Lakini *kipupwe*, ambalo waandishi wengine hulitumia kwa majira ya baridi ya Ulaya na Marekani, ni jina la ubaridi wa pwani kati ya Juni na Agosti, na kulitumia kwa ziwa lililoganda ni kumpotosha msomaji. *Majira ya baridi* ni marefu zaidi, lakini hayadanganyi.

Kasri lenyewe halikai. Siku ya mwisho ya sherehe fataki hurushwa, kisha jua la mwisho wa majira huanza kulegeza kuta. Zinapokuwa hatari kwa wapitao, huangushwa, na maji yake hurudi ziwani. Barafu isipofikia unene wa kutosha katika mwezi wa Januari, wajenzi hulazimika kungoja, msumeno mkononi, wakipima kila asubuhi.