Kumtafuta dume kongwe katika ardhi ya umma: Hesabu ya siku chache na pori kubwa

WAHENGA walisema mgeni ni kuku mweupe. Kijijini mgeni hutambulika kwa mavazi na lafudhi yake. Msituni hutambulika kwa harufu na kwa mlio wa buti juu ya majani makavu, na anayemtambua kwanza ni yule yule mnyama aliyekuja kumtafuta.

Hilo ndilo tatizo linalomkabili kila mwaka mfanyakazi wa Marekani mwenye likizo ya siku tano, leseni moja na hamu ya kumpata dume la kulungu aliyekomaa katika pori ambalo hajawahi kulikanyaga. Kulungu anayezungumziwa hapa si pongo wa kwetu. Ni kulungu mwenye mkia mweupe, ambaye dume lake huota pembe mpya kila mwaka na kuziangusha majira ya baridi.

Kwa jicho la uchumi, mtu huyu ni sawa na mkulima mwenye mbegu kidogo na shamba kubwa asilolijua udongo wake. Akipanda ovyo, atavuna ovyo.

Ardhi ya nani, mnyama wa nani?

Serikali kuu ya Marekani inamiliki zaidi ya robo ya ardhi ya nchi hiyo, takriban hekta milioni 259, nyingi zikiwa katika majimbo ya magharibi na Alaska. Katika jimbo la Texas, kinyume chake, zaidi ya asilimia 95 ya ardhi ni mali ya watu binafsi, na asiye na ardhi mara nyingi hulazimika kumlipa mwenye ranchi.

Pennsylvania ni mfano mzuri wa njia ya tatu. Mbali na msitu wa taifa wa Allegheny, wenye takriban hekta 208,000, jimbo lina ardhi yake ya uwindaji ya takriban hekta 600,000. Kipande cha kwanza kilinunuliwa mwaka 1920, na fedha za leseni za wawindaji ndizo zilizojenga mpango huo. Leo mkazi wa jimbo hulipa takriban dola 20 kwa leseni ya kawaida ya mwaka, na mgeni takriban dola 100. Leseni humruhusu kuua dume mmoja tu kwa msimu.

Nyama ya mnyama huyo haiuzwi. Biashara holela ya nyamapori ndiyo iliyokaribia kummaliza kulungu, kiasi kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 inakadiriwa walibaki nusu milioni au pungufu nchi nzima. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilipiga marufuku kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Kisha sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 ilielekeza ushuru wa bunduki ndefu na risasi uende kwenye hifadhi ya wanyamapori, kwa sharti kwamba jimbo lisitumie fedha za leseni kwa mambo mengine. Hivi sasa kulungu hao wanakadiriwa kufikia milioni 30.

Kazi huanzia mezani

Mwindaji makini huanza na ramani ya mwinuko na picha za satelaiti. Kwanza huweka alama kwenye barabara, maegesho na njia zote za miguu. Wawindaji wengi hawaendi mbali na magari yao, na dume aliyenusurika misimu kadhaa ameshajua hilo. Kwa hiyo maeneo yanayofikika kwa shida, kama ng'ambo ya kijito, katikati ya kinamasi au nyuma ya mteremko mkali, hupewa kipaumbele. Hata hivyo, wakati mwingine kichaka kidogo kando ya barabara, ambacho kila mtu hukipita, huwa maficho mazuri zaidi.

Pili, hutafuta mahali msitu ulipokatwa miaka michache iliyopita. Miti inapoondolewa, mwanga hufika chini na machipukizi huwa chakula na maficho kwa pamoja. Simu moja kwa afisa misitu wa eneo, kuuliza palipovunwa na mageti yanayofungwa, huokoa siku nzima ya kutembea.

Tatu, huenda porini wakati usio wa uwindaji. Februari hadi Aprili majani yamepukutika, dalili za msimu uliopita bado zinaonekana, na mnyama akishtuliwa ana miezi mingi ya kusahau. Pembe iliyoangushwa ikiokotwa wakati huo ni ushahidi kwamba mwenyewe alikuwa hai msimu ulipokuwa unamalizika.

Kusoma dalili

Dume husugua pembe zake kwenye miti na kuacha magome yamechubuka. Miti minene kama paja iliyochubuliwa, hasa yenye makovu ya miaka tofauti, huashiria dume mkubwa anayerudi hapo. Hata hivyo, mkubwa naye husugua miti midogo, hivyo mti mwembamba haumaanishi dume mdogo.

Sehemu zilizoparuliwa kwa kwato chini ya tawi huwavutia sana wageni, lakini nyingi hutembelewa usiku. Anayekaa hapo mchana kutwa anaweza kuwa analinda duka lililofungwa.

Dalili yenye thamani zaidi ni malalo. Dume kongwe hupenda kulala theluthi ya juu ya mteremko, upepo ukitoka mgongoni mwake na macho yakitazama bondeni, hivyo pua hulinda nyuma na macho hulinda mbele. Mwindaji lazima pia akumbuke kwamba kwenye vilima hewa hupanda asubuhi jua linapopasha ardhi, na hushuka jioni inapopoa. Njia iliyo salama alfajiri yaweza kumsaliti magharibi.

Vuli inapofika, matunda ya mwaloni hubadilisha mizunguko yote, na Novemba madume huacha tahadhari wakifuata majike. Hapo ramani ya machipuko hukaguliwa upya.

Pembe si cheti cha kuzaliwa

Kulungu dume hufikia kilele cha mwili na pembe akiwa na umri wa miaka mitano hadi saba. Zamani, wengi waliouawa Pennsylvania walikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mwaka 2002 jimbo liliweka masharti ya idadi ya matawi ya pembe, na madume wengi zaidi wakapata nafasi ya kukua. Umri wenyewe huthibitishwa na meno baada ya mnyama kuuawa. Kabla ya hapo mwindaji hutazama kina cha kifua, unene wa shingo na mstari wa mgongo.

Wazo hilo si geni kwetu. Kanuni za Tanzania zinataka simba anayewindwa awe na umri wa miaka sita au zaidi, kwa kuwa kumuondoa dume kijana huvuruga familia nzima.

Lakini ukongwe una gharama yake pia. Ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, uliotambuliwa Colorado mwaka 1967 na kufika Pennsylvania mwaka 2012, huwapata zaidi madume wakubwa, nao hauna tiba. Jimbo linalotaka madume waishi muda mrefu linalazimika pia kupima na kudhibiti usafirishaji wa mizoga.

Kwa mwenye siku tano, ushauri ni huu: tumia mbili za kwanza kuondoa maeneo yasiyofaa, si kukaa popote kwa matumaini. Akirudi mikono mitupu lakini na ramani iliyojaa alama, hajapata hasara. Mwaka ujao hatakuwa tena kuku mweupe.